Bertilla na Maua ya Kalumbi

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, katekista wetu, wazee wangu shikamooni, majirani wa Mazwi, na ninyi mliopanda kutoka Mtowisa na kuja kutoka Msanzi na tope lote hili la Februari, poleni na safari na poleni na msiba. Mimi ni Gaudensi Katepa, mdogo wake marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, tulizaliwa watano, mpaka Jumatano asubuhi tulikuwa tumebaki wawili, na sasa nimebaki mwenyewe.

Karatasi hii niliyoshika kaiandika marehemu kwa mkono wake mwezi Novemba mwaka jana, kwa sababu alikuwa hapendi tarehe za kubahatisha, kila akirudi msibani lazima alalamike kwamba wamemzika mtu na mwaka wa kuzaliwa wa kaka yake. Mahali pamoja humu kaacha nukta nukta, kama fomu ya ofisini, na chini kabisa kaandika kwamba msomaji awe Gaudensi na si mtu mwingine. Mwanaye mkubwa, Avelina, aliniita juzi pembeni akaniambia mjomba, pale penye nukta ruka tu, msiba ni msiba, watu wamechoka. Nimekataa. Nikifika hapo nitapajaza, maana nisipopajaza leo akiwa bado yuko juu ya ardhi, sitakuwa na siku nyingine, na ninyi watani mlioko kule kwenye masufuria, naomba mnipe muda huu bila vituko, mtafanya baadaye.

Naanza na kuzaliwa. Bertilla Katepa alizaliwa tarehe 14 Februari 1953 katika kitongoji cha Kalumbi, chini ya milima ya Mbizi, mtoto wa pili wa Mzee Clemens Katepa na Mama Kristiana, akabatizwa tarehe 1 Machi mwaka huohuo, siku ya Jumapili. Baba yetu alikuwa mkulima wa ulezi na mahindi, mtu wa mkono wa kushoto, na sisi wote watano, hata tuliozaliwa na mkono wa kulia, alitufundisha kulima ntumba, yale matuta yetu ya Kifipa, kwa mkono wake yeye, unakata pande la ardhi na majani yake, unaligeuza kutoka kushoto, majani chini, udongo juu, halafu unaligonga mara mbili kwa kisigino cha jembe mpaka lishikane. Anayegonga mara moja alikuwa anarudishwa kuanza upya. Bertilla hakurudishwa hata siku moja, mimi nilirudishwa mpaka nikawa nalia shambani, na aliyekuwa ananifuta machozi kwa kanga yake ni huyu tunayemzika.

Elimu. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, alipomaliza darasa la saba, kisha akaanza masomo ya ushonaji na mapishi kwa masista mwezi Januari 1969, lakini tarehe 9 Agosti 1970 mama yetu alifariki, na yeye akiwa na miaka kumi na saba akaacha masomo akarudi nyumbani kulea. Mimi nilikuwa na miaka minane. Alinibeba mgongoni nikiwa na malaria kutoka Kalumbi mpaka hospitali ya mjini, na mtoto wa miaka minane si mzigo mdogo, jamani. Mwaka 1976, kuanzia Februari hadi Julai, alihudhuria mafunzo ya uhudumu wa afya hapa Sumbawanga na kufaulu vizuri sana.

Kazi. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1977 kama mhudumu wa zahanati, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu kwa hiari tarehe 30 Juni 2008, miaka thelathini na mmoja bila barua ya onyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka chanjo, na enzi hizo hakukuwa na pikipiki, alikuwa anabeba kiboksi cha barafu begani, anavuka Mbizi, anashuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwa miguu mpaka Bonde la Rukwa, anachanja watoto wa Mtowisa na vijiji vya jirani kwenye joto lile, kisha anapanda tena, siku mbili au tatu njiani, na kule juu ndiko alikoanza kuyaona maua.

Sisi wengine tulipita njia hizohizo tukaona majani. Yeye alirudi na habari. Alikuwa anatuambia kwamba Septemba, moto ukishapita na mlima ukabaki mweusi, kuna maua madogo ya buluu yanatoka kwenye majivu kabla hata tone la mvua halijaanguka, kwamba Novemba yanakuja ya njano kwenye mabonde yenye maji, na kwamba mwisho wa Januari, kwenye mteremko wa Kalumbi ule unaotazama ziwa, yanasimama maua marefu ya rangi ya chungwa, shina moja moja kama fimbo, na hayo ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. Alikuwa anayapigia magoti ayaangalie kwa karibu, wachunga ng'ombe wakimwona wanadhani anasali, wanavua kofia.

Mwezi Januari 1981 alichukua daftari moja la kliniki lililokuwa limeharibika jalada, akalichora mistari kama ile ya watoto wa chanjo, tarehe, mahali, idadi, hali, na kila mwaka akawa anayahesabu yale ya rangi ya chungwa, ua moja moja. Penye ua lililokuwepo mwaka jana na mwaka huu halipo, aliandika "mtoro", kama mtoto aliyekosa kuja kuchanjwa. Ndivyo alivyokuwa. Mwaka 2009 alikuja mama mmoja mtaalamu wa mimea kutoka Dar es Salaam, Dokta Anjela, wakatembea pamoja siku kumi na moja, na yule dokta aliposhika daftari lile alikaa chini kwenye nyasi akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema maua yale ni machache sana na hajawahi kuona mtu aliyeyahesabu namna hiyo. Tangu hapo wakawa wanakuja wanafunzi na wageni, dada anawapandisha mlimani na magoti yake yale yanayouma, sharti lake moja tu, macho yanaruhusiwa, mikono hapana.

Ndoa. Tarehe 20 Septemba 1975, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Bwana Edwin Sikaponda wa Msanzi, mkulima, mtu mpole, aliyekuwa anasema hadharani kwamba yeye kaoa mke mmoja na milima mitatu. Waliishi kwa mapendo mpaka Edwin alipofariki tarehe 11 Mei 2003. Watoto. Mungu aliwajalia watoto watatu, Avelina aliyezaliwa mwaka 1976, Oswaldi mwaka 1979, na Monika mwaka 1983, wote wako hapa mbele yenu, na wajukuu tisa.

Sasa nimefika. Hapa, baada ya watoto, ndipo alipoweka maua yake, na nasoma kama alivyoandika, herufi kwa herufi: "Tarehe 4 na 5 Machi 2014, maua yote ya mteremko wa Kalumbi yalichimbwa na," halafu nukta, nukta, nukta, mpaka mwisho wa mstari.

Yalichimbwa na Gaudensi Katepa. Ndiyo, mimi, msitazamane. Avelina, kaa, mama.

Wasiojua niwaeleze. Chini ya maua yale kuna mizizi kama viazi vidogo, ndiyo hiyo chikanda, inatwangwa, inapikwa na unga wa karanga mpaka inashikana, ng'ambo ya mpaka kule Zambia wanaipenda sana, na hapa pia inaliwa, msijifanye hamuijui. Mwaka ule nilikuwa nafanya biashara ya maharage sokoni, mambo yamenikalia vibaya, akaja mnunuzi akaniuliza kama najua inakopatikana, na mimi nilikuwa najua, kwa sababu mwaka mmoja kabla, tarehe 2 Februari 2013, dada mwenyewe alinishika mkono akanipandisha Kalumbi kunionyesha, akaniambia hajawahi kumleta ndugu yeyote huku, mimi ndiye wa kwanza. Tulihesabu pamoja mia tatu arobaini na sita.

Nilisubiri asafiri. Alipokwenda Msanzi kuzika shemeji yake, nilipanda na vijana watatu, nawahifadhi majina, wenyewe wanajijua na baadhi wamekaa hapa wanatazama viatu vyao, tukachimba siku mbili, tukashusha magunia kwa pikipiki. Siku ya pili ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilishuka mlimani, nikaoga, nikavaa shati safi, nikaja kanisani kupakwa majivu jioni na udongo wa Kalumbi bado umo kwenye kucha zangu. Baba Paroko, hilo nilishaliungama, lakini niliungama kwa padre mgeni, mbali, asiyemjua dada yangu.

Kama ningeishia hapo afadhali. Dada aliporudi alipanda mlimani tarehe 9 Machi, kesho yake akaja nyumbani kwangu hapa Mazwi, akakaa kwenye kigoda, akaniomba nimsaidie kumtafuta aliyefanya vile. Na mimi, ndugu zangu, nilimsaidia. Nilikwenda naye kwenye mkutano wa kitongoji tarehe 12 Machi, nikasimama, nikapandisha sauti, nikasema hawa ni wachungaji wa bondeni wanaopandisha ng'ombe, nikamtaja Limbu, mwenye ng'ombe wa Mtowisa, kwa jina lake. Limbu alikana, nikamwita mwongo mbele ya watu. Dada alisimama akasema Limbu hawezi kuwa yeye, akaulizwa anajuaje, akarudi kukaa. Limbu akazuiwa kuchunga upande ule kwa miaka miwili ya ukame, na ng'ombe wake walikufa.

Limbu huyo yule pale, chini ya turubai, aliingia jana na dume la ng'ombe bila kuombwa na mtu, kwa sababu dada yangu alimchanjia watoto wake wote sita. Mtani, leo si utani. Nilikusingizia, na nilijua nakusingizia. Mbele ya watu walewale niliokutukana mbele yao, naomba unisamehe, na usiponisamehe nitaelewa.

Miaka kumi na miwili niliamini dada hajui. Alikula kwangu sikukuu zote, alimlea mjukuu wangu alipougua, aliniita mdogo wangu kama kawaida, na mimi nikawa nasema moyoni Mungu ameficha. Jumatano jioni Avelina alinipa lile daftari pamoja na karatasi hii. Nilifungua tarehe 9 Machi 2014. Kaandika: "Idadi, hakuna. Mashimo yote yamefukiwa vizuri, kutoka kushoto, majani chini, udongo juu, yamegongwa mara mbili."

Mnaelewa alichokiona? Mwizi wa kawaida anachimba anaacha shimo wazi. Mchungaji wa bondeni hajui ntumba. Mimi nilikuwa naiba huku mikono yangu inafanya alichonifundisha baba, hata sikujua inafanya. Kwa hiyo alipokuja kukaa kwenye kigoda changu, alikuwa anajua. Aliponiomba nimsaidie kumtafuta mwizi, alikuwa ananifungulia mlango nitoke mwenyewe, na mimi nikatoka kupitia kwa Limbu. Alingoja miaka kumi na miwili, hakusema hata kwenye kaburi la mumewe, hakumwambia padre wala watoto, akaniachia nukta nijaze kwa hiari yangu. Watu mlizoea kumwita mpole, mimi nasema huyu alikuwa na nguvu kuliko sisi wote.

Mwaka 2015 daftari linasema hakuna, 2016 hakuna, 2017 hakuna, na kila mwaka alipanda tu kwenda kuandika hakuna. Mwaka 2018 kaandika moja. Mwaka jana kaandika mawili.

Ugonjwa na kifo, sehemu hii tumeiongeza sisi wa familia. Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2019, na mwezi Aprili 2024 figo zikaonekana zimechoka, akatibiwa hapa Sumbawanga na kupelekwa rufaa Mbeya mara mbili, Juni 2024 na Septemba 2025, na kuanzia Desemba alikuwa nyumbani kwa Avelina hapa Mazwi, hawezi kutembea zaidi ya uani. Tarehe 24 Januari mwaka huu, siku ya Jumamosi, aliniita akaniambia mimi ndiye nipande kuhesabu badala yake. Mimi, katika watu wote. Tangu siku ya magunia nilikuwa sijakanyaga kule.

Nilikwenda siku hiyohiyo. Hili halimo kwenye karatasi, nalisema mwenyewe. Nilifika kwenye kijito, katikati ya mlima, nikaogopa kuyaona yale mashimo, nikakaa kwenye jiwe nikala mahindi ya kuchoma niliyofungiwa na mke wangu, nikangoja jua lisogee, nikarudi. Dada aliponiuliza ni mangapi nikasema matano. Nilichagua matano kwa sababu yalizidi mawili ya mwaka jana, nikaona yatamfurahisha na hayataonekana uongo. Alifurahi, akaniomba niandike mwenyewe kwenye daftari, nikaandika tano, akaniuliza kama yote yako wazi au mengine bado yamefumba, nikasema yako wazi. Akasema asante, mdogo wangu. Alifariki siku kumi na moja baadaye, Jumatano tarehe 4 Februari 2026, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mikononi mwa Avelina na Monika, baada ya kupokea sakramenti.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomtibu hapa na Mbeya, wakiwemo wale waliokuwa wanampigia simu kumuuliza hali hata wakiwa likizo, tunawashukuru majirani wa Mazwi mliopika, mlioteka maji, mliotoa vyumba vyenu wageni walale, wafanyakazi wenzake wa zahanati waliostaafu naye na wale vijana waliorithi njia zake, wanakwaya, jumuiya, watu wa Msanzi na wa Mtowisa, Dokta Anjela aliyetuma salamu kwa simu akilia, na wote tusioweza kuwataja. Mungu awarudishie.

Na jana, Ijumaa, wakati ninyi mnachimba kaburi na mkawa mnauliza Gaudensi yuko wapi, baadhi mkasema nimekwenda kulewa, nilikuwa Kalumbi. Nilipita kijito, sikukaa. Nilipanda mpaka juu na lile daftari ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, nikapiga magoti kwenye mashimo yangu mwenyewe, nikahesabu kutoka juu kwenda chini, nikarudia kutoka chini kwenda juu, nikaikata ile tano niliyoiandika kwa uongo na kuandika idadi ya kweli pembeni yake. Kama ningetembea saa moja tu zaidi siku ile, dada, ungeisikia ukiwa hai, na hilo nitakufa nalo.

Dada, hayakuwa matano. Ni kumi na manne, na yote yako wazi.

Pumzika kwa amani.